Mkono unapona na kuvimba tena: chembe nyeupe zinatafuta nini humo ndani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mafinga, fundi kwenye mashine ya kupasulia mbao, zile zinazoitwa dingdong. Nalifupisha:

"Shikamoo daktari. Wiki nne zilizopita kibanzi cha paina kilinichoma kiganjani, chini kidogo ya kidole cha kati. Nilikivuta kikatoka. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, kiganja chekundu, cha moto, hadi mke wangu akatania kwamba kinafaa kuotea baridi. Siku ya nne pakatoka usaha. Nikanywa kapsuli za rangi mbili, pakapona. Baada ya siku nane pakavimba tena, nikapewa dawa nyingine, pakapona. Sasa pamerudi mara ya tatu. Eksirei haikuonyesha kitu. Damu imepimwa: chembe nyeupe 12.8, neutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) asilimia 81. Mwezi wa kwanza tulipopimwa afya kazini nilikuwa na 3.6, neutrofili asilimia 42, nikaambiwa kinga iko chini. Safari hii naambiwa damu imechafuka, nitafute dawa ya kuisafisha. Je, hizo chembe nyeupe ndizo zinazonivimbisha? Zikizidi ni ugonjwa? Na kwa nini mkono haukomi?"

Marahaba, na kamwene. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Nadhani kipande cha kile kibanzi bado kimo mkononi mwako. Niko Mbeya, sijaushika huo mkono, lakini mwenendo wake unasema hivyo, na nitakueleza kwa nini kwa kufuata kazi ambayo chembe zako nyeupe zimekuwa zikiifanya tangu siku ile.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwa Kiswahili "uvimbe" ni jina la mambo mawili yasiyohusiana: donge linaloota na kukaa, na huku kuvimba kwa moto na maumivu kunakokuja ghafla mwili ukiumizwa. Wagonjwa wengi husikia neno "uvimbe" wakakosa usingizi bure. Hili la kwako madaktari wanaliita inflamesheni ya ghafla. Lina saa na siku zake, na likikuta kazi inayowezekana humaliza na kuondoka.

Kibanzi kilipopenya ngozi kiliingia na uchafu wa gome, vumbi la msumeno na bakteria waliokuwa juu ya kiganja chako. Chini ya ngozi kulikuwa tayari na wenyeji: makrofaji, ambazo ni chembe nyeupe zilizohamia kwenye nyama na kuishi humo, na seli za masti zilizobeba vifuko vya histamini. Hao hawasubiri mtu awatume. Ndani ya dakika chache seli za masti zinamwaga histamini, mishipa midogo ya damu inatanuka, na damu inajaa pale. Wekundu unatokana na hapo. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, ngozi inang'aa tu na kuwa nyeusi zaidi. Wewe uliuona kwa sababu ni kiganjani. Joto nalo halitengenezwi mkononi. Asubuhi ya baridi ya Mafinga ngozi ya mkono ni baridi kuliko kifua na tumbo, na damu nyingi inapoletwa kutoka ndani inakuja na joto lake. Mkeo alikuwa anaota moto uliotoka kifuani kwako.

Kisha kuta za mishipa zinaachia nafasi na maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama. Huko ndiko kuvimba. Maji hayo yanakaza ngozi, na kemikali kama prostaglandini zinafanya neva ziwe na hasira, hata kuguswa na shati kunauma. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza lina sehemu mbili. Ndiyo, walioanzisha kuvimba ni chembe nyeupe wenyeji wa pale. Lakini kilichoujaza mkono mwanzoni kilikuwa maji, wakati umati wa chembe nyeupe kutoka kwenye damu ulikuwa bado uko njiani.

Safari ya umati huo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maji yakishavuja, damu iliyobaki kwenye mshipa inakuwa nzito na mwendo wake unapungua. Chembe nyekundu zinajikusanya katikati, nyeupe zinasukumwa pembeni. Ukuta wa mshipa, uliokuwa laini kama kigae, unakuwa umetoa vishikio. Fikiria mtu aliyeteleza kwenye mteremko wa shamba la chai wakati wa masika. Anashika majani, yanakatika, anashika mengine, bado anashuka lakini polepole, mpaka mkono unapata shina na anasimama. Neutrofili inafanya hivyohivyo: inabingirika ukutani ikinasa na kuachia, kisha inakamata vishikio vya aina nyingine vilivyo imara, inasimama kabisa, inajibana na kuwa nyembamba, na kupenya katikati ya seli mbili za ukuta. Mjerumani Julius Cohnheim aliliona jambo hili kwa macho mwaka 1867, akiangalia kwa hadubini mishipa ya chura aliye hai. Kabla yake wengi walidhani usaha huzaliwa palepale kidondani.

Ikishatoka nje ya mshipa, neutrofili inafuata harufu, kama mbwa anavyofuata buchani. Naita harufu, ingawa ni kemikali. Nyingine zimetolewa na makrofaji waliotangulia, nyingine ni za bakteria wenyewe: protini za bakteria zinaanza na kipande ambacho protini nyingi za mwili wetu hazina, na neutrofili ina kifaa cha kukitambua. Ndani ya saa chache zinafika kwa wingi, na siku ya kwanza ni yao. Ndiyo maana ulilala mkono ukiuma kidogo, ukaamka nao umejaa.

Zinapofika zinameza. Bakteria aliyemezwa anafungiwa kwenye kifuko na kumwagiwa sumu. Mojawapo ya sumu hizo ni asidi ya hipoklorasi, kemikali ileile inayofanya kazi ndani ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Zipo zinazokwenda mbali zaidi: zinapasuka na kutupa nje nyuzi za vinasaba vyao kama wavu, bakteria wananasa humo. Wanasayansi wa Berlin walieleza nyavu hizo mwaka 2004, kwa hiyo sisi tuliosoma zamani hatukufundishwa. Vyovyote iwavyo, mara nyingi neutrofili haitoki kwenye kazi hii ikiwa hai. Inakufa palepale, na ikifa vibaya inamwaga sumu zake kwenye nyama yako.

Usaha ndio huo. Ukiniletea tone la usaha wako, nitalipaka kwenye kioo, nitalitia rangi ileile tunayotumia kutafuta malaria, na kwenye hadubini nitaona neutrofili kwa mamia, kila moja na kiini cha zambarau kilichokatika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba, kama shanga zilizobaki kwenye kamba iliyokatika. Nyingi zimekufa. Nyingine zina bakteria tumboni. Ule ukijani wa usaha, ambao watu hudhani ni sumu inayotoka mwilini, ni rangi ya kimeng'enya cha neutrofili, kilekile kinachosaidia kutengeneza hiyo asidi. Katikati ya usaha nyama yako pia imeyeyuka kidogo, nao ni uharibifu wa hao waliokuja kukusaidia. Wewe wa Mafinga umeona msitu wa Sao Hill ukiwaka moto kiangazi: watu wanakimbilia na matawi mabichi, wanakata barabara ya kukinga moto, na miche iliyokuwa haijaungua inakanyagwa. Hakuna anayewalaumu, lakini miche imekufa.

Sasa hiyo 12.8. Maana yake ni chembe nyeupe 12,800 katika kila mikrolita ya damu, tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Karatasi za maabara nyingi zinaandika kawaida ni 4,000 hadi 11,000 hivi. Watu wanasahau kwamba tunahesabu zilizo safarini. Zilizokwisha kushuka mkononi mwako hazimo kwenye hesabu, kama vile kuhesabu abiria ndani ya basi la Mbeya kusivyokuambia wangapi wameshuka Makambako. Namba ikipanda maana yake uboho wa mifupa umepata taarifa na unapeleka watu. Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza neutrofili kama bilioni 100 kwa siku, na una akiba kubwa ya zilizokwisha kukomaa zinazosubiri. Aidha, karibu nusu ya neutrofili zilizo ndani ya mishipa huwa zimejishikiza ukutani wala hazihesabiki. Ukikimbia au ukishtuka zinaachia, namba inapanda bila ugonjwa wowote. Kama ulibeba mbao asubuhi ukaenda maabara moja kwa moja, sehemu ya hiyo 12.8 inaweza kuwa ni mbao hizo.

Kwa hiyo hapana, damu yako haijachafuka. Hakuna uchafu unaoelea wa kusafishwa kwa mizizi ya kuchemsha. Aliyekuambia hivyo ameona dalili za wazima moto akadhani ndio moto wenyewe. Kama hizo dawa za kusafisha damu zingeweza kweli kuziondoa chembe nyeupe, zingekuwa hatari kuliko kibanzi.

Lakini namba iliyonivutia zaidi ni ile ya mwezi wa kwanza. Chukua kalamu. Asilimia 42 ya 3,600 ni neutrofili 1,500 hivi. Asilimia 81 ya 12,800 ni kama 10,400. Neutrofili zako zimepanda karibu mara saba! Mtu ambaye uboho wake umeshindwa kutengeneza neutrofili hafanyi hivyo. Waafrika wengi tuna neutrofili chache kwenye damu wakati hatuumwi kuliko wanavyokuwa Wazungu, na mipaka iliyoandikwa kwenye mashine nyingi ilitokana na vipimo vya watu wa huko. Jambo hili linakwenda pamoja na kukosa protini iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu, kitu tulichorithi, ambacho pia kinazuia aina moja ya malaria, vivaksi, isiingie kwa urahisi. Ikiwa ulipima VVU ukawa salama, hukuwa unatumia dawa za kushusha chembe nyeupe, na hukuwa unaugua mara kwa mara, basi 3.6 ilikuwa kawaida yako. Tunza ile karatasi. Daktari akiijua kawaida yako ataisoma 12.8 kwa uzito wake. Kwa mwenye kawaida ya 9,000 ningeipita haraka.

(Nikiri pia kosa la fani yetu. Miaka mingi kwenye slaidi za malaria chembe nyeupe zilikuwa kwetu kama debe la kupimia mahindi: unahesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, unadhania mgonjwa ana 8,000, unapata jibu. Mtu kama wewe, mwenye 3,600, tulimwandikia vimelea zaidi ya maradufu ya alivyokuwa navyo.)

Turudi kwenye mkono. Mambo yangekwenda yanavyotakiwa, baada ya siku moja au mbili makrofaji mpya zingeingia kutoka kwenye damu. Hizo zinameza bakteria waliosalia, zinameza pia maiti za neutrofili, na zikishazimeza zinabadili ujumbe zinaoutoa: badala ya "njooni" wanasema "inatosha". Maji yanarudi, kidonda kinafunga. Kwa jeraha dogo la kiganjani ni suala la siku, halifiki mwezi.

Kwa nini basi kwako hakijafunga? Kuna kisa cha zamani kinachosaidia kujibu. Mwaka 1882, huko Messina kwenye kisiwa cha Sicily, Mrusi Elie Metchnikoff alichukua lava, yaani kiluwiluwi, wa kiti cha pwani (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), mdogo na mwangavu kama kioo, akamchoma miiba ya waridi. Asubuhi akaikuta miiba imezungukwa na seli zilizotembea kuifuata. Lava hana mishipa ya damu, hivyo zile hazikuletwa na damu, zilikwenda zenyewe. Kutoka hapo aliijenga hoja kwamba seli za kumeza ndizo ulinzi wetu, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa seli. Mimi nakutaka uangalie mwiba. Seli ziliuzunguka. Hazikuumeza.

Neutrofili ina upana wa kama sehemu moja ya themanini ya milimita. Kibanzi cha milimita 5 ni sawa na neutrofili 400 zilizopangwa mstari. Hakimezeki, na paina haiyeyuki kwa sumu ile. Bakteria waliojificha kwenye nyufa za mbao hawafikiwi vizuri na chembe nyeupe wala na dawa, maana dawa inasafiri na damu na mbao haina damu. Unapokunywa kapsuli, walio nje kwenye nyama wanakufa, mkono unatulia. Dozi ikiisha, walio ndani ya mbao wanatoka, chembe wenyeji wanapiga kelele, na kila kitu kinaanza upya. Siku nane, umesema. Hivyo ndivyo kitu kilichobaki ndani kinavyojitangaza. Wakati huohuo makrofaji, zikishindwa kumeza, zinaungana kadhaa kuwa seli moja kubwa na kujenga kovu kuzunguka kibanzi. Ukibonyeza pale pagumu kati ya nyakati za kuvimba, pengine utakisikia kidonge kama punje ya maharage.

Na eksirei? Mbao kwenye eksirei hupita kama nyama. Chuma kingeonekana, kokoto ingeonekana, paina mara nyingi haionekani. "Haikuonyesha kitu" si sawa na "hakuna kitu". Kinachofaa ni altrasaundi ya kiganja, na mpimaji aambiwe wazi kwamba anatafuta mbao, aonyeshwe tundu lilikoingilia na upande kilikoelekea. Kibanzi huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli nyuma yake. Kikionekana, kitolewe kwa ganzi na mtu anayezijua kano na neva za kiganja. Usikubali kichokonolewe kwa wembe kambini.

Mengine kwa ufupi. Acha kununua kapsuli duka la dawa muhimu mara ya tatu, na ule mtindo wa kufungua kapsuli na kumwaga unga kidondani hausaidii. Usikubali kuchomwa deksa (deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi) "ya kupunguza uvimbe". Itapunguza kweli, utafurahi siku mbili, kwa sababu inazizuia chembe nyeupe zisitoke kwenye mshipa. Ukipimwa damu zitaonekana nyingi zaidi, zimefungiwa ndani, na bakteria wako peke yao mkononi. Ulizia sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichomwa lini, kwani kibanzi chenye udongo ni mlango wake. Pima na sukari, maana sukari ikiwa juu neutrofili zinakuwa goigoi.

Usisubiri altrasaundi ikiwa utaona mojawapo ya haya: mstari mwekundu au wa kuuma unaopanda mkono kuelekea kwapani, homa na kutetemeka, au kidole cha kati kimevimba chote, kimejikunja, na mtu akikinyoosha unapiga kelele. Hilo la kidole lina maana usaha umeingia kwenye ala ya kano, na kano inaweza kufa kwa siku moja au mbili. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Umeuliza pia, chini kabisa ya barua, kama mkeo aendelee kukukanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Ya uvuguvugu, sawa, dakika kumi asubuhi na jioni, yanatuliza maumivu. Kukamua, hapana. Ukikamua unausukuma usaha kuelekea kano, na kibanzi kinazama zaidi.